Blanketi Lisilo na Miguu

Nilimwahidi mdogo wangu wa kike kwamba siku atakayopanda boti kwenda Moba kuolewa, ndugu wa mama yetu na ndugu wa baba yetu watasimama ufukoni pamoja. Niliitamka ahadi hiyo jikoni, yeye akiwa ameinamia sufuria ya ugali, mvuke umemfunika uso, na huenda niliitamka kwa wepesi kwa sababu sikuyaona macho yake. Aliusonga ugali mpaka ukakubali, akaufunika, ndipo akajibu.

"Wewe ni mwalimu, maneno njo kazi yako. Mimi nataka watu."

"Watakuwapo."

"Wote? Shangazi na Mama mdogo, ku pwani moja?"

"Wote."

"Kama ni upande mumoja tu, sitapanda. Sitaki kufika kwa watu nikiwa nusu."

Kwetu, maneno hayo hayakuwa pambo. Msichana anapoondoka kwenda kwa mume, shangazi yake humfunika mabega kwa nguo, na ndugu wa mama yake humbebea kikapu mpaka majini. Mmoja akikosekana, bibi harusi husafiri amefunikwa bila kubebewa, au amebebewa bila kufunikwa, na huko aendako wakwe huliona pengo hilo kabla hajatia mguu nchi kavu. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki. Baba yupo, lakini baba hawezi kusimama mahali pa wanawake hao wawili. Nao, tangu msiba wa mama, walikuwa hawasemezani.

Ugomvi wao ulikuwa mdogo kuliko madhara yake. Baba ni mtu wa kaskazini. Wazee wake walishuka na mitumbwi kutoka upande wa juu wa ziwa wakifuata samaki, wakabaki. Mama alitoka katika familia za hapahapa Kalemie, zenye mashamba ng'ambo ya mto Lukuga tangu zamani. Alipozikwa, mdogo wake, ambaye ndiye Mama mdogo wetu, alijitwika sanduku la vitenge vya marehemu akavuka nalo daraja, kwa kuwa kwao nguo za mwanamke hurudi kwanza kwa waliozaliwa naye. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akasema kwamba kwao sanduku halitoki ndani ya nyumba ya mfiwa mpaka kilio kiondolewe. Kila mmoja alikuwa na haki yake kwa desturi yake, na sijui jambo gani linalotenganisha watu wema kuliko hilo. Siku ya kuondoa kilio, yaani siku ya kumnyoa mfiwa na kufua nguo za msiba, ilipangwa ikaahirishwa, ikapangwa tena, kisha hakuna aliyeipanga. Baba aliendelea kufuga ndevu za msiba. Zilianza nyeusi zikaishia na mvi, naye alizoea kuzishika alipokuwa akifikiri, kama mtu anayeshika kitu cha kuazima.

Wazo la blanketi lilitoka kwa mama mwenyewe, kwa namna fulani. Alikuwa mshonaji. Katika usichana wake alisoma kwenye fwaye, ile nyumba ya parokia ambako wanawake hufundishwa kushona na kupika, na huko alipewa vielelezo vya katoni vya blanketi la vipande ambalo alilianza mara nyingi asilimalize. Mimi nililelewa chini ya meza ya cherehani yake. Nilijua kutia uzi kabla sijajua kuandika, na nilipotoka chuoni Lubumbashi na kuanza kufundisha hisabati, cherehani ilikuwa imekwisha kuwa yangu bila mtu kutamka hivyo. Vielelezo nilivikuta ndani ya droo yake, vimepinda kwa unyevu wa ziwa.

Mchoro wenyewe ulikuwa mgumu kwa namna iliyonivutia. Kila mraba, ambao mama aliuita chumba, hujengwa kwa pembetatu za nguo za rangi nzito na za rangi nyepesi. Chumba kikiwa peke yake hakisemi kitu. Lakini vyumba vinne vikikaa pamoja, kila kimoja kikigeuzwa robo ya mzunguko kuliko jirani yake, nyota huchomoza katikati yao. Na nyota hiyo huazima ncha za nyota inayofuata, hata huwezi kusema moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Nilikuwa nimetoka chuoni na imani kwamba haki inaweza kuchorwa. Nikajiambia: nitachukua nguo za pande zote mbili, nitaziweka katika mchoro ambao hauna mwenye mwanzo wala mwenye mwisho, na watu wakiona walivyokaa vizuri ndani ya nguo, wataona haya kukaa vibaya nje yake.

Nilianza kwa Shangazi. Nilimkuta akigeuza dagaa kwenye kitanda cha matete.

"Kipande cha kitenge? Cha kazi gani?"

"Cha blanketi la mtoto wako, Shangazi. La kuondokea."

"Na ule wa ng'ambo, umemuomba?"

"Nitamwomba."

"Basi angeanza yeye. Nisije kutoa nguo, yeye akatoa tambara la kushikia sufuria."

Hata hivyo aliingia ndani, akakaa humo muda mrefu, akatoka na kitenge cha ndege wekundu, miguu mirefu, shingo zimenyooka. Alikuwa amekivaa siku mahari ya mama yangu ilipopelekwa. Akakikunja mwenyewe kabla ya kunipa.

"Hawa ndege wako na kichwa. Usiwapindue. Ndege anayeangalia chini ni ndege amekufa."

Mama mdogo nilimkuta akitwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga alipokuwa akinisikiliza.

"Shangazi yako alitoa nini?"

"Ndege."

"Ndege." Akatwanga mara kadhaa. "Ni kweli, alijua kuruka tangu zamani."

Yeye alinipa kitenge cha akina mama wa parokia, cha buluu, chenye sura ya Bikira Maria ndani ya duara la maua. Nilipokipokea kwa mikono miwili aliniangalia kama anayempima mtoto kwa fimbo ya mlangoni.

"Bikira anakaa ku kichwa, Mwalimu. Uliona wapi muntu anamuweka Bikira ku miguu?"

Nilivuka daraja kurudi nyumbani nimebeba ndege na Bikira ndani ya mfuko mmoja, na maji ya Lukuga yalikuwa yakitoka ziwani polepole mno, kama yanayoombwa. Hapo katikati ya daraja ndipo nilipoelewa kwamba blanketi, tofauti na nyota, lina kichwa na miguu.

Majuma yaliyofuata nayakumbuka kama mtu anavyokumbuka homa nyepesi. Nilikuwa nikitoka shuleni, nafunga madirisha ya upande wa ziwa ili upepo usipeperushe vipande, natandika mikeka sebuleni na kupanga vyumba vyangu sakafuni. Mwanga uliopenya kwenye mbao za dirisha ulikuwa wa maji. Uliyumba ukutani, ukashuka juu ya nguo, na kwa nusu saa hivi kila alasiri sakafu nzima ilionekana kutembea. Ziwa limepanda miaka hii. Limekula barabara ya zamani ya ufukoni na bustani ya jirani yetu, na sauti yake sasa imo ndani ya nyumba, chini ya kila neno. Nilikuwa nikikata pembetatu huku nikiisikia, na mara nyingine sikujua kama nimekaa nchi kavu.

Ndugu wengine nao walileta vyao. Kulikuwa na kitenge cha samaki wa kijani, cha mjomba aliyekichukua Kigoma. Kulikuwa na kipande cha kitenge nilichobebewa mgongoni nikiwa mtoto, na nilipokitia pasi kikatoa harufu ya mafuta ya mawese, au labda harufu hiyo ilitoka kwangu. Mdogo wangu alikuwa akipita peku kati ya vyumba, akiinua sketi kidogo kama anayevuka kijito. Hakuwa na haja ya kuuliza kazi imefika wapi. Alikuwa akisimama tu, akitazama, akisema jina la mwenye kitenge kwa sauti ndogo, kisha jina la mwingine, hadi alipofika mwisho wa mkeka.

Mpango wa kwanza uliweka upande wa baba kushoto na upande wa mama kulia. Mstari wa katikati ulionekana wazi kama mpaka. Nikauvunja. Mpango wa pili ulichanganya vyumba kama drafti, kimoja cha huku na kimoja cha huku, na hapo nyota zikapotea: nguo nzito zilikutana na nzito, nyepesi zikazama, na sakafu ikawa uwanja wa soko baada ya mvua. Nikabadilisha safu kwa safu. Nyota zikarudi, lakini kwa sharti la mchoro kwamba kila chumba kigeuzwe, ndege wa Shangazi wakawa wamesimama, wamelala, wamepinduka na wamelala tena. Niliwasimamisha wote, nyota zikafa. Nilizifufua nyota, ndege wakafa. Usingizini niliwaona wakitembea ukutani kwa miguu yao mirefu, wakitafuta upande ambao si chini, na Bikira akiwatazama kutoka ndani ya maua yake bila kuwasaidia.

Alasiri moja Mama mdogo alipita, akasema amepita tu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akanyoosha shingo.

"Hapa njo kichwa?"

"Bado sijaamua, Mama mdogo."

"Nani iko miguuni?"

"Bado hakuna."

"Mu blanketi kila mara kuna muntu miguuni, Mwalimu. Hata mu kitanda cha askofu."

Alipoondoka niliendelea kukaa sakafuni. Alikuwa amenipa swali lote kwa sentensi moja. Sikuwa nikitafuta mahali pazuri pa kila mtu; nilikuwa nikitafuta blanketi ambalo hakuna awaye yote miguuni mwake, na kama kitu hicho hakiwezekani katika nguo, ni wapi kingewezekana? Niliutazama mkeka mpaka mwanga wa maji ukaondoka ukutani. Ndipo nikawakumbuka wavuvi wanavyolala kwenye kambi za ufukoni: hulala kuuzunguka moto, miguu kwenye joto, vichwa nje, na hakuna anayeweza kusema yupo juu ya mwenzake.

Niliacha umbo la kitanda nikachora mraba. Nikaugawa sehemu nne, kila moja ikiwa robo ya mzunguko kutoka kwa jirani yake, kama mchoro ulivyotaka, na ndani ya kila sehemu nikageuza vyumba hadi sura zote zikaelekeza miguu katikati na vichwa kwenye kingo. Ndege walisimama. Bikira alisimama. Samaki wa mjomba waliogelea kwenda nje. Ulizunguke vyovyote blanketi hilo, upande ulio karibu nawe ungekuwa umepinduka na upande ulio mbali umesimama, na ukiligeuza nusu mzunguko tu, waliopinduka wangesimama. Nyota hazikufa hata moja. Nilibaki na tundu la katikati, mahali pa moto.

Sikuhitaji kufikiri muda mrefu. Kulikuwa na nguo moja tu ambayo pande zote mbili ziliwahi kuinunua na kuivaa kwa pamoja: sare ya msiba wa mama, kitenge cha kijivu chenye majani meupe. Mimi nilikuwa na shati la kitenge hicho. Nililikata mgongo, nikajenga kwa nguo hiyo vyumba vinne, nikavishikiza katikati kwa pini. Kijivu kilituliza rangi nyingine zote. Nilisimama juu ya kiti nikaona kitu kilichokamilika, na nilikuwa na furaha safi, furaha ya mtu aliyethibitisha jambo.

Nikawaita wote wawili, na nikamwambia kila mmoja kwamba mwenziwe naye ameitwa. Walikuja. Kwa kuwa hawakusemezana, waliongea na mimi.

"Mwalimu," alisema Shangazi akizunguka mkeka taratibu, "ndege zangu zimesimama. Umefanya vizuri."

"Mwalimu," alisema Mama mdogo kutoka upande wa pili, "mwambie azunguke afike hapa. Hapa zimepinduka."

"Mwambie huku njo kwangu. Yeye abaki kwake na Bikira wake."

"Bikira hana shida. Anaona wote."

Baba, aliyekuwa barazani akitengeneza wavu, alikohoa kwa namna iliyofanana na kicheko. Nilianza kuamini. Kisha Shangazi akasimama, akatazama katikati.

"Mwalimu. Mutoto akilala, hapa panaangukia wapi?"

Nikaanza kueleza kwamba katika mraba kitovu ni kimoja, hata uugeuze vipi.

"Sikuulizi hesabu. Mwili. Panaangukia wapi ku mwili?"

Kabla sijajibu, niliona kiganja cha Mama mdogo kikipanda polepole na kutua juu ya tumbo lake mwenyewe.

"Amemuwekea kilio ku tumbo," alisema. Hakunisemesha mimi. "Wifi, umeona? Bibi harusi. Amemuwekea kilio ku tumbo."

"Nimeona, wifi."

Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu maziko, na yalikuwa juu ya kosa langu. Mtu wa kwingine angeona rangi ya kijivu. Wao waliona nguo ya msiba ambao haujaondolewa, imewekwa mahali ambapo watoto wa mdogo wangu wangepaswa kukaa. Nilisema nilichoweza kusema: kwamba ni nguo pekee waliyoivaa wote. Nilisikia ziwa.

"Kitoke," alisema Shangazi.

"Kitoke kiende wapi? Ni dada yangu yule. Alishatoka mara moja. Hatoki mara ya pili."

"Kwa hiyo mutoto abebe maiti mpaka Moba?"

"Usimuite dada yangu maiti mbele ya watoto wake."

"Ulimbeba mu sanduku ukavuka naye daraja, leo njo unajua watoto wake?"

Sauti zilikuwa zimeanza kupanda, na mimi nilikuwa nimesimama kati yao nikiwa na pini mdomoni, bila faida, mdogo wangu alipotoka jikoni akijifuta mikono. Alitazama blanketi, akawatazama wao. Kisha akapiga magoti, akainua ukingo mmoja kwa uangalifu mkubwa, akajilaza juu ya mkeka na kulivuta blanketi zima mpaka kidevuni. Pini zilianguka sakafuni kama mvua inayoanza. Kijivu kilitua pale pale waliposema.

Waliinama kwa pamoja. Shangazi alimshika mkono mmoja, Mama mdogo mkono wa pili.

"Toka humo, mama. Toka, mutoto wangu."

"Sitoki." Hakupandisha sauti. "Munaogopa hii nguo kwa sababu kilio kingali ndani yake. Nani alikiacha? Ni mimi? Ni kaka yangu?"

Walibaki wameshika mikono yake. Aliwatazama kwa zamu, akiwa amelala chali ndani ya watu wetu wote, na uso wake ulikuwa mtulivu kama uso wa mtu anayeelea.

"Nilisema sitapanda boti nikiwa nusu. Lakini hamukuniuliza nusu yangu ingine iko wapi. Iko mu ndevu za baba."

Mlangoni baba alisimama na wavu wake mikononi.

"Mimi," alisema, "watoto wa barabarani wananiita mupadri. Jana kamoja kameniomba baraka. Nimechoka."

Mama mdogo ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka vibaya, kwa kulia, akakaa chini kwenye mkeka juu ya samaki wa mjomba. Shangazi hakucheka. Aliendelea kuushika mkono wa mdogo wangu, akauliza kama sanduku bado linafungika, au kutu imekula kufuli.

"Linafungika," alisema Mama mdogo. "Sijalifungua."

"Hujalifungua?"

"Ningelifungua na nani?"

Jumamosi iliyofuata, jua likiwa bado jepesi, Mama mdogo alivuka daraja na sanduku kichwani, akatembea nalo barabara kubwa ili kila mtu amwone akilirudisha. Shangazi alikuja na wembe, sabuni na beseni. Ndugu wengine walikuja na sare zao za msiba. Hatukuhitaji kwenda mbali. Ziwa lilikuwa limetusogelea. Shangazi alimnyoa baba akiwa ameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, na kidevu chake kilipotokea kilikuwa kidogo kuliko tulivyokikumbuka, cheupe kidogo, kama mahali palipofunikwa na jiwe. Alikigusa akaonekana kumtafuta mtu wa kumwonyesha.

Sare zilifuliwa ziwani. Niliwatazama Shangazi na Mama mdogo wakikamua kitenge kimoja kirefu, kila mmoja na ncha yake, mmoja akisokota kuelekea mlima na mwingine kuelekea maji, mpaka nguo ikawa kamba na kamba ikatoa maji yake yote. Shangazi alilalamika kwamba sabuni haina povu. Mama mdogo alisema kwamba sabuni ilinunuliwa na mtu asiyejua sabuni. Walikamua nyingine. Majani meupe yalianikwa juu ya mawe, marefu, ufuko mzima, na upepo ulipopita chini yake yaliinuka na kulala, yakainuka na kulala.

Sanduku lilifunguliwa barazani na nguo zikagawiwa. Haikuwa kazi tamu hadi mwisho. Kulikuwa na kitenge cha zambarau ambacho wote wawili walikitaka, na waliposhindwa kukiachia walimpa mdogo wangu kwa hasira. Mimi niliomba cha njano, kile mama alichokivaa siku za kawaida, siku za soko na za kufagia, kilichochakaa magotini. Hakuna aliyegombana nami.

Halafu wakaja sebuleni kupanga vyumba. Niliwaachia mkeka, lakini sikuondoka. Walikubali sharti langu la miguu katikati na vichwa nje. Shangazi alilijaribu kwa kuzunguka mara mbili, akasema hapo Mwalimu amesema kitu. Njano ya mama ikakaa mahali pa moto. Kijivu kilichofuliwa hakikutupwa. Mama mdogo alitaka kibaki, Shangazi alitaka kisiguse mwili, na baada ya mabishano yaliyochukua sehemu kubwa ya alasiri walikikata kamba nyembamba na kukiweka kwenye kingo zote nne, mahali mtu anaposhika anapolivuta blanketi kujifunika. Mwili hakingeugusa. Mikono kingeigusa.

Walitambaa kwa magoti, wakihamisha huyu na yule. Mjomba alipelekwa mbali na shemeji yake aliyekuwa na deni la maneno. Nyanya aliyekufa aliwekwa karibu na ndege kwa kuwa alipenda kelele. Katika kuhamahama huko Mama mdogo alikipeleka chumba kimoja cha Bikira sehemu nyingine, akakigeuza ili Bikira asimame, nami nikaona mara moja kwamba nyota moja, upande wa kaskazini, imepoteza ncha. Asubuhi, wote walipokuwa wameondoka, nilikigeuza. Ncha ikarudi, na Bikira akalala ubavu. Nikakirudisha alivyokiweka Mama mdogo. Nilifanya hivyo mara kadhaa, nikisimama juu ya kiti na kushuka, na kila mara kitu kimoja kilikuwa sahihi na kingine kikaumia. Mwisho nilikishona alivyokiweka. Nilikuwa nimeamini kwamba mchoro wa haki hautakuwa na ncha iliyokosekana. Sasa sijui. Najua tu kwamba nilishona mshono huo kwa mkono, si kwa cherehani, ili nipate muda wa kukubaliana nao.

Siku ya boti ziwa lilikuwa tambarare na lenye ukungu, bila mstari kati ya maji na mbingu, na milima ya ng'ambo haikuwepo kabisa. Boti ilionekana imening'inia. Shangazi alilikunjua blanketi akamfunika mdogo wangu mabega. Lilikuwa kubwa, likaburuta mchangani, na ndege na samaki na Bikira wakamzunguka pande zote. Mama mdogo alibeba kikapu akaingia nacho majini mpaka magotini, kisha mapajani, hakutaka kumpa baharia. Baba alisimama kati yao na kidevu chake kipya. Mdogo wangu alipopandishwa aligeuka, akatuhesabu kwa macho, polepole, kama alivyokuwa akifanya mwisho wa mkeka. Akakaa chini. Boti ilipoondoka niliziona rangi zake kwa muda mrefu kuliko nilivyoiona boti yenyewe.

Wale wawili walibaki ufukoni, nguo zao zimelowa, wakibishana kama blanketi la namna ile hukunjwa mara mbili au mara tatu. Waliondoka wakibishana, wakafuata njia moja mpaka darajani.

Nina ombi moja kwako unayesoma. Ikiwa kwenu kuna kilio kilichoachwa njiani kwa ajili ya sanduku, au shamba, au neno lililosemwa kaburini, usingoje mpaka kuwe na binti wa kuolewa. Chukua sabuni, umwendee yule mwingine wiki hii, na umwambie kwamba kuna nguo za kufua.